Sale Lisilojibiwa

Kitu cha kwanza alichokiona Eunike ni kucha za Faustin. Zilikuwa nyeupe.

Alikuwa ameinama akipanga mikungu ya ndizi mshare juu ya majani makavu pale gulioni Kiboriloni, mara mkono wa mwanamume ukashuka ukagusa ndizi ya pembeni, kama mtu anayetaka kununua. Mkono ule aliujua. Angeutambua hata kama angeonyeshwa mikono mia moja. Lakini kwa miaka miwili yote aliyoufahamu, kucha zake zilikuwa na weusi usiotoka, masizi ya miwa, maana kule mashambani chini miwa huchomwa moto kwanza, ndipo wakataji huingia na mapanga. Kila Jumamosi Faustin alikuwa akizisugua kwa jiwe na sabuni kabla ya kuja mjini, na weusi haukuisha. Leo zilikuwa safi kama za karani wa posta.

Kucha za mkata miwa hazitakati kwa siku moja. Huyu alikuwa ameweka panga chini siku nyingi. Eunike akajua anaondoka, na alijua kabla hajainua macho, kabla hajasikia hata sauti yake.

"Habari za siku nyingi, Eunike."

"Nzuri," alisema. "Za kwako?"

"Za kwangu ni hizi unazoziona."

Hapo ndipo alipomtazama. Alikuwa amekonda. Alivaa shati jeupe na koti lisilokuwa la kwake, mabega ya koti yalikuwa makubwa mno, na kando ya mguu wake kulikuwa na sanduku la bati lililofungwa kamba. Macho yake yalikuwa yale yale, makubwa na matulivu, macho ya mtu aliyezoea kutazama muda mrefu kabla ya kusema. Eunike alipoyaona, miezi minane ya kujikaza ilimtoka yote mara moja. Akashika mkungu wa ndizi kwa mikono miwili asije akaanguka.

"Ni nani huyo anayekuzuia kufanya kazi?" Sauti ya shangazi Yuditha ilitoka nyuma ya magunia ya maharage. Ilikuwa sauti kubwa, sauti iliyouza sokoni miaka ishirini. Kisha mwenyewe akatokeza kichwa, kilemba kimekaa upande. "Ai! Si yule Muha!"

Faustin akavua kofia. "Shikamoo, mama."

"Baki nayo."

"Mama?"

"Shikamoo yako baki nayo, nimesema. Mimi siitikii mtu aliyekataa sale." Akawageukia wanawake waliokuwa wakiuza karibu. "Mama Anaeli! Njoo umtazame mtu aliyeletewa sale akakaa nalo kimya miezi minane. Njoo umtazame uso, uufananishe na wa mbuzi!"

Mama Anaeli hakuja, lakini alicheka kwa nguvu kutoka kwenye vitunguu vyake, na wengine wakacheka. Eunike alitamani ardhi immeze.

"Shangazi, tafadhali," alinong'ona kwa Kichagga.

"Usiniambie tafadhali. Nani alikuwa anakubembeleza ule chakula, wakati wote huo? Nani alikuwa anasikia kitanda chako kikilia?"

Faustin alikuwa amesimama na kofia mkononi. Hakukasirika. Alikuwa amekunja uso kama mtu anayejaribu kusoma barua ndani ya giza.

"Mama," alisema taratibu, "sale ni kitu gani?"

Kicheko cha wanawake kikakatika.

*

Ili mambo haya yaeleweke, ni lazima kurudi nyuma kidogo, mpaka Jumapili ile ya mwezi wa Novemba ambapo Faustin alipanda Old Moshi kwenda kujitambulisha kwa Mzee Ebenezeri, baba yake Eunike, mzee wa kanisa na mwenye kahawa na ng'ombe wawili wa maziwa.

Hakwenda peke yake. Alifuatana na Kalisti, mtu mzima wa kambi ya wakata miwa aliyesimama mahali pa mjomba, kwa sababu wajomba wa kweli walikuwa Kasulu, safari ya siku tatu kwa treni na lori. Walipofika uani, Faustin alifanya yote aliyofundishwa na mama yake. Alichuchumaa chini mbele ya Mzee Ebenezeri, akainamisha kichwa, akapiga makofi polepole, tena na tena, huku akimtakia amani kwa Kiha, na baadaye kwa Kiswahili. Kwao ndivyo anavyosalimiwa mtu anayeheshimiwa sana.

Mzee Ebenezeri aliona mtu mzima amechuchumaa uani kwake anapiga makofi. Hakujua afanye nini. Akadhani anaombwa chakula, akauliza kama wana njaa.

Dada zake Eunike walikuwa dirishani. Wakaziba midomo kwa khanga.

Kalisti alipokwisha kusema shida iliyowaleta, mzee aliita jikoni. Eunike akatoka akasimama karibu na mlango, macho chini.

"Eunike, watu hawa wanasema kijana huyu anafahamiana nawe. Unamfahamu?"

Kuku mmoja alikuwa akiparua karibu na mguu wake. Eunike alimtazama yule kuku.

"Simfahamu, baba," alisema.

Wageni walipewa mbege, pombe ya ndizi, wakanywa nusu kata, wakaaga. Faustin hakugeuka hata mara moja njia yote ya kuteremka.

Wiki ile Eunike hakula. Shangazi Yuditha, ambaye ndiye aliyemlea tangu mama yake afariki na akatolewa shule darasa la tano, alimfuata jikoni akamwambia neno moja: mtume sale. Kwa Wachagga jani la sale huomba radhi. Mtu aliyekosa hulipeleka kwa aliyemkosea, au humpa mtu alipeleke, na aliyeletewa hana namna ila kusamehe. Watu waliopigana kwa mapanga wamepatana kwa jani hilo. Wala haliambatani na maneno, na aliyelituma hafuati nyuma kuuliza. Anasubiri.

"Wewe huwezi kusema," shangazi alimwambia. "Tangu mdogo mdomo wako ni mzito. Basi liache jani liseme."

Eunike alichuma jani changa, akalifunga fundo moja kwa mikono yake, akalifungia ndani ya gazeti, akampa Sirili fundi baiskeli aliyekuwa akishuka kambini kila Jumamosi. Sirili alimkuta Faustin yuko shambani. Akaliweka juu ya kitanda chake, akamwambia jirani: "Hii imetoka kwa Eunike." Akaondoka.

Na Eunike akasubiri. Alisubiri Krismasi, akasubiri Pasaka. Mvua kubwa zikaja zikaisha. Siku alipoacha kusubiri hakuijua, kwa sababu kwa kweli hakuacha.

*

"Lile jani," Faustin alisema pale gulioni. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Lile jani refu, lililofungwa fundo."

"Ehe! Kumbe unalijua!" Shangazi Yuditha alisema.

"Lilikuwa linasema nini, mama?"

Shangazi alifungua mdomo kutukana, akamwona uso, akaufunga. Akakaa juu ya gunia. "Lilikuwa linasema nisamehe," alisema, na sauti yake kwa mara ya kwanza ilikuwa ndogo. "Linasema nimekukosea, nisamehe, rudi. Ndilo neno lake. Halina neno lingine."

Mwanamke mmoja alikuja akauliza bei ya maharage, na hakuna aliyemjibu.

"Kwa nini hukuuliza mtu?" shangazi alisema. "Baba, si ungeuliza tu!"

"Ningemuuliza nani? Kambini tuko Waha, na Wanyaturu, na Wabena. Nikodemo ninayelala naye chumba kimoja alisema jani hilo amewahi kuliona makaburini." Alimeza mate. "Na kwetu mtu wa ugenini haulizaulizi. Siku natoka nyumbani baba aliniambia, ukifika kwa watu tazama wanavyofanya, utajua mambo yao bila kuwasumbua. Basi nikatazama. Jumapili moja nilipanda mlimani, nikatembea toka asubuhi mpaka jioni, natafuta jani lile watu wanalifanyia nini. Nikaliona kila mahali. Limepandwa kwenye mipaka ya vihamba vya migomba, hapa ni kwangu na pale ni kwako, usivuke. Na limezunguka makaburi." Akamgeukia Eunike. "Nikasema, basi, nimesoma barua yangu. Ama ameniwekea mpaka, ama amenizika."

"Ruwa, Mungu wangu," shangazi alisema, akashika kichwa.

Kifuani mwa Eunike kulikuwa kama kuna mtu anavuta kamba. Alikuwa akimwona Faustin akizunguka mlimani siku nzima na koti lake kuukuu, akipita pengine hatua chache kutoka uani kwao, akisimama mbele ya masale ya watu, akiyatazama kwa macho yale yenye subira. Na yeye alikuwa jikoni anasubiri.

Alikuwa akiamini siku zote kwamba watu wakishakuwa na Kiswahili hakuna kinachobaki katikati yao. Ndivyo mwalimu alivyowaambia darasani, na ndivyo redio ilivyosema. Naye na Faustin walizungumza kwa Kiswahili mambo mengi, wakacheka kwa Kiswahili, wakanuniana na kupatana. Lakini Kiswahili hakuna kati yao aliyezaliwa nacho. Kilikuwa kama sebule ya wageni, mahali pa kukaa vizuri na kuongea vizuri. Mambo ya kuumiza kila mmoja alikuwa ameyaacha chumba cha ndani, yeye kwa Kichagga na Faustin kwa Kiha, na hakuna aliyempa mwenzake ufunguo.

"Nendeni pale nyuma kwenye mfereji," shangazi Yuditha alisema, akifuta macho kwa pindo la khanga. "Zungumzeni. Mimi nitauza. Na wewe, mwanangu." Alimtazama Faustin. "Marahaba."

*

Nyuma ya vibanda kulikuwa na mfereji wa maji ya mlimani, na jiwe bapa ambapo wanawake waliosha mboga. Eunike alikaa. Faustin alisimama, akaliweka sanduku lake chini.

"Treni ni saa kumi," alisema.

"Leo?"

"Leo. Nilikuja kukuaga tu. Nilisema, hata kama amenizika, maiti naye huagwa." Alijaribu kucheka. "Baba ameandika. Wamehamia kijiji kipya, nyumba haina hata paa, na mgongo wake umekwisha. Mimi ndiye mkubwa."

"Utarudi lini?"

Faustin aliokota kijiti akaanza kukivunja vipande vidogo vidogo.

"Eunike, baada ya lile jani niliwaandikia nyumbani. Niliwaambia wanitafutie mtu. Nilikuwa nimekasirika, sikuwa na akili. Wakanitafutia. Anaitwa Odilia. Padri amekwisha kutangaza Jumapili mbili."

Maji ya mfereji yalipita na jani la kabichi. Eunike alilifuata kwa macho mpaka likapotea.

"Ni mzuri?" aliuliza.

"Nilimwona mara ya mwisho akiwa na miaka kumi na mmoja. Alikuwa analia, mbuzi wao amepotea."

Wakacheka wote wawili, kidogo, na kicheko kile kilikuwa kibaya kuliko kilio.

"Huwezi kuwaandikia tena?" Eunike alisema. Alishangaa kwamba ametoa maneno yale.

"Niwaambie nini? Kwamba nilikosea kusoma jani?" Faustin alitupa vijiti majini. "Watu wa kwake wamekunywa na watu wa kwangu tangu Pasaka. Baba ametoa neno. Nikimwacha msichana baada ya kutangazwa kanisani, nani atamchukua? Atasemwa mpaka azeeke. Yeye hajanikosea kitu."

"Ndiyo."

"Ningekuwa nimejua kabla ya Pasaka, Eunike! Ningepanda mlima ule kwa magoti. Baba yako angenifukuza, ningerudi. Angenifukuza tena, ningerudi tena. Unajua hivyo?"

"Najua."

Alichuchumaa mbele yake, macho yao yakawa sawa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Novemba kumwona kwa karibu hivi. Kwenye nyusi palikuwa na kovu jipya. Hakujua amelipata wapi, na hakuna tena siku ambayo angelijua.

"Lakini afadhali nimekuja," Faustin alisema. "Nilikuwa naondoka na jiwe moyoni. Nilikuwa najiambia, yule msichana alinichezea miaka miwili, na siku ya siku akanikana mbele ya watu. Sasa naona mambo yalivyokuwa. Wewe ulisema kwa namna ya kwenu, mimi nikasikia kwa namna ya kwetu. Hata lile neno la uani. Kalisti aliniambia tukiwa njiani: huenda ni desturi yao, kwa Wachagga msichana hakiri mbele ya baba yake siku ya kwanza. Nilimkatalia. Nikasema, hapana, nimemsikia kwa masikio yangu. Kumbe Kalisti alikuwa na akili kuliko mimi. Ilikuwa desturi, sivyo?"

Eunike alimtazama.

"Mjinga ni mimi," Faustin aliendelea. "Mimi ndiye nisiyejua kusoma watu. Wewe hukufanya kosa hata moja. Nitakwenda nikijua kwamba kulikuwa na mtu Moshi aliyenipenda na hakunionea aibu hata siku moja. Nitaishi na hilo, Eunike. Hata nikiwa mzee."

Kwa mbali kengele ya kanisa ililia saa nane. Faustin akasimama, akajifuta magoti, akaliinua sanduku lake. Alinyoosha mkono. Eunike akaushika kwa mikono yote miwili, na kwa muda mrefu hakuna aliyeuachia.

"Haya," Faustin alisema. "Msalimie baba. Mwambie sikuwa naomba chakula."

Akageuka akaanza kwenda, sanduku likimgonga mguu.

Eunike alibaki juu ya jiwe. Ilikuwa rahisi sana kunyamaza. Miezi minane alikuwa amenyamaza, na watu wote walimsemea. Shangazi alisema ni aibu ya kike. Dada zake walisema alimwogopa baba. Sasa Faustin mwenyewe alikuwa amempa jina zuri kuliko yote, desturi, na angelibeba mpaka Kasulu kama zawadi. Angempenda maisha yake yote kwa sababu ya neno lile. Angelala kando ya Odilia akiwaza msichana wa mlimani aliyenyang'anywa na jani. Na Odilia, ambaye hakumkosea mtu, angekaa na mwanamume ambaye moyo wake umebaki Moshi kwa ajili ya uongo.

Akinyamaza, Faustin ni wake mpaka kufa. Akisema, hatabakiwa na kitu, hata kumbukumbu njema.

Alisimama.

"Faustin!"

Alikuwa hajawahi kumwita jina lake kwa sauti mbele ya watu. Wanawake wa vitunguu wakageuka. Shangazi Yuditha akasimama na kopo la maharage mkononi. Faustin akasimama, akageuka, na usoni mwake kulikuwa na furaha ndogo, ya mtu anayedhani ataambiwa neno tamu la mwisho.

Eunike alimfuata mpaka akawa hatua mbili mbele yake. Hakutazama chini.

"Hatuna desturi hiyo," alisema. "Kalisti alikudanganya kwa huruma. Msichana wa kwetu akiulizwa na baba, anajibu. Dada yangu alijibu, na mwingine pia, na kila mmoja alisema ninamfahamu."

"Eunike..."

"Niache nimalize, sitaweza mara ya pili. Jani hukulielewa, na hilo si kosa lako. Lakini lile neno la uani ulilisikia sawasawa. Ulipochuchumaa pale ukapiga makofi, nilijua ni heshima, ulikuwa umekwisha kunieleza. Nilijua. Niliwasikia dada zangu wanacheka dirishani, nikawaza Jumapili ijayo kanisani, watu watakavyogeuza shingo. Baba aliponiuliza nilikuwa nakupenda kuliko pumzi yangu, na nikasema simfahamu, kwa sababu niliona aibu, Faustin, watu wajue kwamba wewe ni wangu."